Baba alinusurika MV Bukoba. Juzi akaganda katikati ya daraja la Busisi. Ubongo husahau lini?

#1 Mjukuu wa Kemondo
Habari wakuu.

Baba yangu alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Alijipenyeza dirishani, akakaa na wenzake juu ya tumbo la meli iliyopinduka mpaka walipookolewa. Alikuwa anasafiri na mdogo wake. Baba mdogo hakutoka, na mwili wake haukupatikana.

Tangu hapo mzee hajakanyaga chombo chochote cha majini. Tunaishi Sengerema. Wenzake wakienda Mwanza walikuwa wanavuka na pantoni pale Busisi. Yeye alikuwa anazunguka Geita, Kahama, Shinyanga, ndipo aingie Mwanza. Siku nzima barabarani. Tukazoea.

Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 za lami juu ya maji. Mwenyewe akasema, "Hiyo sasa ni barabara." Wiki iliyopita nikampakia kwenye gari. Tulianza vizuri, anapiga stori. Katikati ya daraja magari yakapunguza mwendo, mbele yetu malori, na mzee akanyamaza. Kumgeukia, macho yako mbele hayapepesi, mikono imeng'ang'ania dashibodi, shati limelowa jasho. Namwita haitiki. Tulipofika Kigongo, ng'ambo ya pili, ndipo akaniuliza tumevuka saa ngapi, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Mimi nahisi ni harufu ya dizeli ya yale malori, maana meli nayo ilikuwa inanuka dizeli. Miaka karibu 30 imepita. Kinachobaki kwenye ubongo wa mtu ni kitu gani hasa? Na kinatoka?

#2 Fundi Redio
Pole kwa mzee. Nimekaa mkao wa kusoma.

#3 Nesi wa Zamu
Pole sana mleta mada. Nitaeleza kwa lugha ya kwetu wodini.

Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kuna vipande viwili vidogo vyenye umbo la lozi, kimoja kila upande. Vinaitwa amigdala. Kazi yao ni kupiga king'ora kabla wewe mwenyewe hujajua kuna nini. Ukiruka nyoka halafu ukakuta ni kamba, aliyeruka ni amigdala. Pembeni yake kuna hipokampasi, yenyewe ndiyo inayoandika tukio lilikuwa wapi na lini.

Mtu akiwa kwenye kufa na kupona, homoni za hatari, adrenalini na kotisoli, zinamwagika nyingi. King'ora kinakariri kila kitu: harufu, kelele, ubaridi wa chuma. Lakini mwandishi wa tarehe anazidiwa. Kumbukumbu inabaki kali sana, ila haina muhuri wa siku. Ndiyo maana pale darajani kwa mzee haikuwa 2025.

Na harufu ina njia yake ya mkato. Unachokiona na unachokisikia hupita kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo ndipo kigawanywe. Harufu haina haja ya kupita huko, inakwenda karibu moja kwa moja kwenye amigdala. Hiyo dizeli naiamini.

#4 Sauti ya Ziwa
Mimi mzaliwa wa Ukerewe. Nesi naheshimu elimu yako, lakini hapa kuna ndugu aliyebaki chini ya maji. Kwetu mtu asipozikwa, waliobaki hawatulii. Mzee hakuganda kwa ajili ya lozi ya kichwani, aliganda kwa sababu alikuwa anapita juu ya mdogo wake. Mlimfanyia nini marehemu?

#5 Kijana wa Nyegezi
Pole mkuu. Ila Mhaya kuishi Sengerema na meli hapandi, matoke yanamfikiaje? Au mnayafuata kwa kuzunguka Shinyanga 😀

#6 Mjukuu wa Kemondo
#5 umenichekesha. Nyumbani kwetu ndizi hazipikwi kabisa mkuu. Tumbo la baba linazikataa, mama alituambia ni vidonda vya tumbo. Sisi watoto wa Kihaya tumekulia ugali na sangara.

#4, matanga yalikaliwa bila mwili. Kuna makaburi ya pamoja ya wahanga pale Igoma, Mwanza. Mzee hajawahi kufika, na hatukuthubutu kumuuliza.

#7 Mwaka wa Nne Tiba
Nesi ameeleza vizuri, naomba nirekebishe sehemu moja. Tusiifanye amigdala kuwa nyumba ya hofu. Hata Joseph LeDoux, mtafiti wa New York aliyeifanya ijulikane, siku hizi anasisitiza kwamba inachoendesha ni mwitikio wa mwili wa kujihami. Hofu yenyewe unayoihisi hutengenezwa na sehemu nyingi za ubongo kwa pamoja.

Kuna mama Mmarekani, vitabuni anatajwa kwa herufi S.M. tu. Ugonjwa wa kurithi uliharibu amigdala zake zote mbili. Nyoka haogopi, na aliwahi kuwekewa kisu shingoni asishtuke. Watu wakasema basi, huyu hofu imemtoka. Mwaka 2013 watafiti wakamvutisha pumzi ya hewa yenye kabonidioksaidi asilimia 35, yeye na wengine wawili wenye uharibifu kama wake. Wote watatu walipatwa na taharuki kubwa, wakitweta na kutaka kuvua barakoa.

Maana yake, kukosa hewa kuna king'ora chake cha pekee, chini zaidi, karibu na shina la ubongo. Mzee aliyepita dirishani maji yakiingia hakuogopa tu kwa macho. Alikosa pumzi. Kwa hiyo mimi siweki mzigo wote kwenye harufu. Muulize kama pale darajani alibanwa kifua kwanza.

#8 Nesi wa Zamu
#7 asante, hiyo ya S.M. na gesi nilikuwa sijaipata. Lakini mzee hakutweta. Aliganda. Kutweta na kuganda si kitu kimoja.

#9 Mama wa Kayole
Niko Nairobi, mnikaribishe. Agosti 7, 1998 ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilikuwa karani kwenye ofisi moja karibu na ubalozi wa Marekani. Tulisikia mlio wa kwanza, si mkubwa sana. Wenzangu wakaenda dirishani kuangalia. Mimi nilikuwa nimeinama kuokota faili lililoanguka. Ndipo bomu lenyewe likalipuka na vioo vikaingia ndani. Watu wengi sana siku hiyo walipoteza macho kwa sababu hiyo tu, walienda dirishani. Waliokufa Nairobi ni 213.

Mpaka leo sikai karibu na dirisha, wala kanisani wala kwenye matatu. Sasa hapa ndipo ninapotaka mnieleze. Kilichotuumiza ni bomu, si dirisha. Kwa nini kichwa changu kinaogopa dirisha, tena hata dirisha lisilo na kioo? Naijua Biblia sura kwa sura, watoto wangu nimewalea vizuri, pesa za chama naziweka mimi. Kichwa kinafanya kazi. Ni hapo tu.

#10 Fundi Redio
Mama pole. Nimesoma mara mbili.

#11 Jicho la Tatu
Wakuu msipake rangi. Kiwewe kinakula ubongo. Mwaka 1995 Marekani walipima kwa MRI, mashine ya kupiga picha ya ubongo, askari waliotoka Vietnam wenye kiwewe, wakakuta hipokampasi ya kulia ni ndogo kwa asilimia 8 kuliko ya wengine. Kotisoli inaunguza seli. Kilichokufa hakirudi. Mzee alelewe tu kwa upole, kupona asahau.

#12 Takwimu Kwanza
#11 hiyo 8 ni kweli, hitimisho lako siyo. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi ya mapacha wa kufanana, jozi 40. Mmoja alipigana Vietnam, mwenzake alibaki nyumbani. Askari wenye kiwewe kikali walikuwa na hipokampasi ndogo, sawa na ulivyosema. Lakini hata pacha wake aliyebaki nyumbani, ambaye hakusikia risasi, naye alikuwa nayo ndogo!

Kwa hiyo inawezekana udogo ulikuwepo kabla, na ndio uliowafanya washindwe kuhimili. Kuku na yai.

Na jambo la pili. Baada ya lile bomu la Nairobi, timu ya Dkt. Frank Njenga iliwahoji watu 2,883 waliokumbwa, ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Waliokuwa na dalili zinazokaribia kiwewe kamili walikuwa asilimia 35. Bomu lile lile, mtaa ule ule, na bado karibu theluthi mbili hawakufika huko. Swali kubwa kwangu si kiwewe kinafanya nini. Ni kwa nini huyu na si yule.

#13 Mama wa Kayole
#12 nimekusikia, lakini usije ukamwambia mtu kwamba alizaliwa na ubongo dhaifu. Mimi dada yangu naye alikuwa mjini siku hiyo na halali taa ikiwa imezimwa. Baba yetu ni mmoja, lakini na bomu lilikuwa moja.

#14 Takwimu Kwanza
Nisamehe mama, sikumaanisha udhaifu. Urefu nao mtu huzaliwa nao. Umenipa hoja ambayo takwimu peke yake haiitenganishi.

#15 Nesi wa Zamu
Na #11, hipokampasi si jiwe. Madereva wa teksi wa London, wanaokariri maelfu ya mitaa, walipimwa wakaonekana sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko za watu wengine, na waliokaa kazini miaka mingi ndio zaidi. Inabadilika kwa matumizi.

#16 Kijana wa Nyegezi
Basi bodaboda wa Mwanza, na vile vilima vyote na vichochoro vya Mabatini, hipokampasi zao zimetoka nje ya kofia 😀

#17 Mwaka wa Nne Tiba
Nirudi kwenye swali la mleta mada, "kinatoka?" Hapa wataalamu wenyewe hawajakubaliana.

Kundi la kwanza linasema hakitoki. Tangu mbwa wa Pavlov, waliozoeshwa kwamba kengele huleta chakula mpaka wakatoa mate kwa kuisikia tu, inajulikana: ukimzoesha mnyama kwamba kengele haileti tena chakula, anaacha kutoa mate, lakini mpe mapumziko ya muda, mate yanarudi. Somo la zamani halikufutwa, limefunikwa na jipya. Na hilo jipya linabana mahali: ulichojifunza chumbani kinaweza kukukimbia barabarani. Baba yako kwa miaka 29 amejifunza kwamba nchi kavu ni salama. Kuhusu maji hakujifunza kitu, kwa sababu hakuyarudia.

Kundi la pili linaanzia mwaka 2000, Karim Nader akiwa maabara ya huyo huyo LeDoux. Alionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa huwa laini kwa saa chache kabla haijakaza upya, na ukiingilia muda huo inaweza kudhoofika yenyewe. Wengi wanajaribu kuleta hiyo kwa binadamu. Matokeo yamekuwa mchanganyiko.

Mama wa Kayole, kwako: ubongo haukuwa na muda wa kuchagua mkosaji. Ulishika kilichokuwepo sekunde ile, nacho ni dirisha. Bomu hukuliona.

#18 Mama wa Kayole
"Bomu hukuliona." Kweli. Sikuliona.

#19 Rugo
Muraho. Naandika kutoka Kigali. Kwetu tuna neno letu, ihahamuka, na ndani yake mna picha ya mtu aliyeishiwa pumzi. #7 aliposema pumzi nikakumbuka. Kila Aprili kwenye kumbukumbu za mauaji ya kimbari ya 1994, watu huanguka uwanjani, wengine wanapiga kelele kwamba wauaji wanakuja. Wahudumu huwa tayari pembeni. Kwetu huu si ugonjwa wa mtu mmoja, una majira kama mvua.

Na watoto pia. Walipimwa akina mama 25 waliokuwa na mimba wakati wa mauaji, na wengine 25 ambao hawakukumbana nayo, pamoja na watoto wao. Kwa walioyapitia, mama na mtoto walikutwa na alama zaidi za kikemikali, zile zinazoweza kubadilisha jeni linavyofanya kazi, juu ya jeni la kipokezi cha kotisoli. Mtoto hakuona chochote.

#20 Takwimu Kwanza
Ndugu Rugo asante. Naheshimu mlichopitia, ila nitaongeza tahadhari: 25 kwa 25 ni wachache, na mtoto aliyelelewa na mama asiyelala naye hujifunza kutolala. Damu au malezi, hapo haijatenganishwa.

#21 Rugo
Ni sawa. Mimi ni mmoja wa watoto wa umri huo. Mama yangu alikuwa akisikia filimbi anazima redio na taa. Mimi leo nikisikia filimbi natafuta swichi. Iwe damu au malezi, mkono ni wangu.

#22 Jicho la Tatu
Nimesoma yote. Nafuta neno "kupona asahau". Nililiandika kwa sababu ya kaka yangu. Basi lilipinduka naye, hospitali moja wakampa vidonge vya usingizi siku ile ile, akaendelea navyo, kisha pombe juu yake. Miaka 6 hatujampata tena yule tunayemjua. Nikaamini ubongo ndio umekufa.

#23 Mwaka wa Nne Tiba
Pole kaka. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba dawa za kundi la diazepamu zisitumike kutibu dalili za mwezi wa kwanza baada ya tukio la namna hiyo. Zinatuliza usiku huo, hazisaidii kinachofuata. Usimkatie tamaa, na asiziache ghafla, ziachwe polepole chini ya daktari.

#24 Ustadhi Pongwe
Assalaam aleikum. Mimi namsomea mtu dua na namwambia aende hospitali, vyote viwili. Wengi hawaendi kwa sababu ya neno moja, Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Ukimwambia mtu akaone daktari wa akili anasikia umemwita kichaa na kumpeleka Dodoma. Mzee naye atakataa kwa hilo. Msimwambie ana ugonjwa wa akili. Mwambieni ubongo wake ulimwokoa 1996 na haujaambiwa kwamba kazi imekwisha.

#25 Mkalimani wa Nakivale
Ustadhi umenena. Nilifanya ukalimani Nakivale, Uganda, kambi ya wakimbizi. Kulikuwa na tiba ya kusimulia, na waliofundishwa kuitoa ni wakimbizi wenyewe, Wanyarwanda na Wasomali, wala si madaktari. Ikapimwa na matokeo yakachapishwa 2008: walioipata walipungukiwa dalili kuliko ambao hawakuipata.

Unatandaza kamba chini, ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Ua kwa jambo jema, jiwe kwa jambo baya. Kisha unasimulia kwa mfuatano, polepole, na ukifika kwenye jiwe huruki. Unaulizwa uliona nini, ulinusa nini, mwili ulifanyaje, na sasa hivi hapa mwili unafanyaje. Nesi alisema kumbukumbu haina muhuri wa siku. Nilichokiona mimi ni watu wanaupiga ule muhuri kwa mikono yao. Si wote. Mmoja alifika kwenye jiwe la tatu akaondoka, hakurudi.

#26 Sauti ya Ziwa
Huko kusimulia kwa mfuatano mbele ya watu, kwetu kunafanyika matangani. Narudia: mzee hajamzika mdogo wake.

#27 Mjukuu wa Kemondo
Wakuu, samahani nilikuwa kimya siku nne.

Juzi jioni nilikaa na mzee nje. Sikumwambia habari ya ugonjwa, nilitumia maneno ya Ustadhi, kwamba ubongo wake ulimwokoa. Akanyamaza muda mrefu. Nikamuuliza kama #7 alivyoelekeza, ulibanwa kifua? Akasema hapana. Nikamuuliza, ilikuwa dizeli?

Akasema, "Dizeli? Ni zile ndizi."

Lori lililokuwa mbele yetu lilikuwa limebeba ndizi. Mimi hata sikuliangalia. MV Bukoba ilikuwa imejaa mikungu ya ndizi, na meli ilipolala, mikungu ilimwagikia watu. Anasema alimshika mdogo wake mkono, ndizi zikawajia, mkono ukateleza kwa utomvu. Akanionyesha kiganja. Nilipokitazama alikifunga.

Hana vidonda vya tumbo. Hajawahi kuwa navyo. Mama alitunga ili sisi watoto tusiulize kwa nini nyumba ya Wahaya haipiki ndizi.

#28 Kijana wa Nyegezi
Mkuu naomba radhi kwa ule utani wa matoke. Kwa moyo wote.

#29 Mjukuu wa Kemondo
#28 usijali kabisa. Bila swali lako nisingeunganisha.

#30 Nesi wa Zamu
Nimelia. Harufu ilikuwepo, ila sikuwa na haki ya kuwa na uhakika ule na dizeli.

#31 Takwimu Kwanza
Mkungu wa ndizi kwa Mhaya mwingine umepita mlangoni mara elfu tangu 1996, na mara zote hizo ukawa chakula tu. Kwa mzee haukupata nafasi hiyo hata mara moja. Mama aliwalinda, na hapo hapo ndizi zikabaki zile za siku ile.

#32 Mwaka wa Nne Tiba
#31 ni maelezo mazuri, lakini msije mkampikia matoke kesho. Hilo lifanywe na mtu aliyefundishwa, hatua kwa hatua. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wana idara ya afya ya akili, aulizie hapo.

#33 Mama wa Kayole
Mleta mada, mwambie baba kuna mama Nairobi anamsalimu. Leo kanisani nilihama benchi moja kuelekea dirishani. Moja tu.

#34 Mjukuu wa Kemondo
Nitamwambia mama. Jana usiku mzee aliniuliza kitu nikakosa jibu. Pale Igoma, majina ya watu yameandikwa? Anataka kujua kabla hajaamua.

#35 Fundi Redio
Mimi naishi Nyakato, ni karibu. Nitumie jina la marehemu inboksi, kesho nikitoka kazini napita.